Mtaalamu wa Milima kutoka Dunda

Jumapili, 29 Juni 2025

Leo nimekuwa mtaalamu wa milima. Haikuchukua muda mrefu.

Alikuja dukani dada mmoja wa Mapinga, Jasmin, mfanyakazi wa benki, kununua tyubu ya baiskeli. Akasema yeye na mumewe Yahya wanataka kwenda Lushoto mapumziko ya Sabasaba, watembee na kuendesha baiskeli milimani, pamoja na mama yake mzazi. Tatizo hawamjui mtu wa kuwaongoza. Nilikuwa nimeshika tairi. Nikasikia mdomo wangu unasema milima ya Usambara naijua kama kiganja changu. Akauliza tangu lini. Nikasema miaka kumi.

Ukweli nauandika hapa tu: Lushoto sijawahi kufika. Mahali pa juu kabisa nilipowahi kusimama ni paa la nyumba ya shemeji yangu, na kushuka nilishushwa.

Lakini nimechoka. Miaka kumi na saba naziba pancha hapa Dunda, Bagamoyo. Kila asubuhi jirani yangu Ausi anapita na watalii wake, kitambulisho cha uongozaji kifuani, ananiuliza habari za pancha. Sasa atauliza habari za vilele.

Mke wangu Somoe kaniuliza milima ipi hasa naijua. Nikamwambia naijua kwa ujumla. Akaendelea kukuna nazi.

Jumanne, 1 Julai 2025

Mazoezi. Bagamoyo hakuna mlima hata wa kusingizia. Nimepanda na kushuka ngazi za ghorofa ambalo halijaisha kujengwa, kule nyuma ya soko, mara kumi na mbili, kiroba cha nazi mgongoni. Mlinzi akaniuliza kama natafuta kibarua. Safari ya kumi na tatu fundi akanipa ndoo ya zege niende nayo juu. Nikaenda nayo. Sikutaka kumvunja moyo.

Usafiri ni janga. Mwenye gari lenye keria ya kubeba baiskeli nne ni mmoja tu, Ausi. Nimekwenda kwake kwa unyenyekevu. Akasikiliza, akacheka, akakohoa, akacheka tena. Kisha akakubali kuendesha, kwa sharti kwamba jina lake litangulie kwenye bango la safari tutakalobandika garini. Tumebishana mpaka adhana ya alasiri. Mwafaka: jina lake linatangulia, langu kwa herufi kubwa zaidi.

Ijumaa, 4 Julai 2025

Lushoto. Naandika nikiwa nimevaa kila nguo niliyokuja nayo, pamoja na sweta la Somoe lenye maua. Hakuna aliyeniambia kwamba milima ni baridi. Miaka kumi ya utaalamu, na sikujua.

Tuliondoka baada ya alfajiri. Jasmin na Yahya walikwishapanda. Akafuata mama mtu, mwembamba, miwani, ushungi wa kijivu. Nikamwamkia shikamoo mama. Akaitikia marahaba, akanitazama juu ya miwani, akaniita kwa majina yangu yote matatu, kuanzia Hamoudi.

Mwalimu Swaumu! Darasa la tano, jiografia. Mwalimu aliyenipa ramani ya mlima niichoree kontua, yaani ile mistari ya kuonyesha mwinuko, nikamchorea kitu ambacho yeye alikiita yai la kukaanga. Akalionyesha darasa zima. Ausi alikuwamo darasani humo, na leo kwenye usukani alikumbuka vizuri mno.

Nikangoja aniumbue. Aliuliza tu wazazi wangu hawajambo, kisha akatazama dirishani mpaka Korogwe, tuliposimama kuswali.

Kutoka Mombo barabara inapanda kwa kona. Upande mmoja mwamba, upande wa pili hakuna kitu kabisa. Nikafumba macho. Ausi akauliza kulikoni. Nikasema napanga njia.

Jumamosi, 5 Julai 2025

Mpango wangu wa leo ulikuwa mzuri. Tatizo ni watu.

Asubuhi na mapema nilimfuata Sophia, dada anayepika hapa nyumba ya wageni, mwenyeji wa hukuhuku. Nikamwomba atangulie mbele yetu kwenye njia ya kwenda kuangalia bonde, kama mtu anayekwenda zake shambani. Avae kitenge chekundu nimwone kwa mbali. Mimi nitaufuata wekundu huku nawaeleza wageni habari za milima. Akaniuliza kwa nini asituongoze tu waziwazi. Nikamwambia ni utaratibu wa kitaalamu.

Saa nzima mambo yalikwenda kama maji. Nilinyoosha fimbo, nikakunja kushoto, nikakunja kulia. Yahya akamwambia mkewe kwamba huyu bwana kweli anapajua. Nikajibu kwa sauti ya chini kwamba ni mazoea.

Kisha kitenge chekundu kikakutana na chekundu kingine. Mara vikawa vitano. Mara kumi na moja. Kumbe leo kikundi cha akina mama wa kijiji kile kilikuwa na mkutano, na sare yao ni kitenge hichohicho. Wakatawanyika kila upande wa kilima. Nikachagua mmoja kwa kumtegemea Mungu, nikamfuata.

Tuliishia uani kwa mtu. Mama wa watu aligeuka, akaona watu wanne na fimbo wamesimama nyuma yake, akauliza kama tumekuja kwa ajili ya karoti. Nikasema ndiyo. Tulikaribishwa, tukapewa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha, na tumerudi na gunia zima la karoti, nimelibeba mimi. Sophia alitukuta njiani akitutafuta. Akaniuliza mbele ya wote kwa nini nimeacha kumfuata.

Yahya akatazama juu. Jasmin akafungua mdomo. Mwalimu Swaumu akawahi kusema kwamba viazi vile vilikuwa vitamu kuliko bonde lolote, na kwamba kesho Sophia atuongoze waziwazi, amsaidie Hamoudi.

Sijui kwa nini ananihifadhi. Inanisumbua kuliko kama angenisema.

Jumapili, 6 Julai 2025

Siku ya baiskeli. Mkono unaniuma kwa kubana breki lakini lazima niandike.

Mpango ulikuwa gari litupandishe mpaka msitu wa Magamba, halafu tushuke kwa baiskeli hadi Lushoto. Baada ya chai Jasmin akanivuta pembeni. Mama yake ana goti bovu na miaka sitini na sita, na ameng'ang'ania kushuka. Akimkatalia watagombana. Kwa hiyo, kaka Hamoudi, baiskeli ya mama iharibike kidogo tu, mama apande gari na Ausi, yaishe kwa amani.

Nikakubali. Nilikuwa na deni la karoti. Tulipofika Magamba, wenzangu wakiwa wanapiga picha, nikachomoa kiungio cha cheni ya baiskeli ya Mwalimu, nikakitia mfukoni. Kazi ya nusu dakika. Hii sasa ndiyo fani yangu.

Nilipoinuka alikuwa amesimama nyuma yangu. Suruali chini ya dera, ushungi umefungwa kwa nguvu, kofia ngumu juu yake. Sijui alikuwa ameona nini.

"Hamoudi, unajua nimefundisha kontua miaka mingapi?"

Nikasema sijui, Mwalimu.

"Thelathini na minne. Nimechora milima ubaoni mpaka vumbi la chaki likaniharibu kifua. Na sikuwahi kukanyaga hata mmoja mpaka juzi tulipofika hapa."

Sijui kilichonipata. Labda baridi. "Hata mimi, Mwalimu. Juzi ndiyo mara yangu ya kwanza."

"Najua. Mtu aliyezoea milima hafumbi macho njia nzima toka Mombo."

Tukacheka wote wawili. Kisha akaniambia kwamba marehemu baba yake hakuruhusu binti yake kupanda baiskeli. Alijifunza akiwa na miaka sitini na moja, mwaka mmoja baada ya kustaafu, kwenye uwanja wa shule siku za Jumamosi ili wanafunzi wasimwone. Alianguka sana. Goti ndilo ushahidi.

"Nataka kushuka mlima mmoja kwa magurudumu," akasema. "Mmoja tu. Halafu nitakaa nyumbani kama Jasmin anavyotaka."

Nikatia mkono mfukoni kuchukua kile kiungio. Mfuko umetoboka. Nikatazama majani chini. Majani mengi.

Basi nikampa baiskeli yangu. Nikamwambia tandiko lake linamfaa zaidi. Nikachukua yake isiyo na cheni, nikaipanda kama vile hakuna kitu.

Kuteremka hakuhitaji cheni. Hilo nimeligundua leo. Mwalimu alitangulia na Sophia, aliyeazima baiskeli ya kaka yake, taratibu, anapiga kengele kila kona. Mimi nyuma yake, pedeli zangu zinazunguka hewani kama feni. Breki za baiskeli zote nne nilizikaza mwenyewe kule Dunda, na zilishika, alhamdulillahi. Nyuma yangu Jasmin anaita mama, mama. Kila nilipogeuka alikuwa ananitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Akina mama wauza mboga kando ya barabara wakasimama wakampungia Mwalimu mikono. Jasmin akaacha kuita.

Katikati ya mteremko Mwalimu akasimama. Akaweka mguu chini. Sote tukasimama, nikadhani goti. Akanyoosha kidole kwenye ukuta wa mlima ng'ambo, mashamba yamepangwa ngazi kwa ngazi, mistari imebanana mpaka juu kwenye ukungu.

"Mistari ikikaribiana, mteremko ni mkali," akasema polepole, kama anasoma ubaoni. Akatazama weee. "Kumbe ni kweli."

Akavua miwani, akaifuta kwa ushungi, akaondoka tena na kengele yake.

Nyumba ya wageni iko juu ya mwinuko mdogo. Hapo ndipo cheni inahitajika. Nikashuka nikaanza kusukuma. Ausi akaja na gari ubavuni kwangu kwa mwendo wa kobe, kioo kimeshushwa, taa za dharura zinawaka, akaniuliza kama mtaalamu wa miaka kumi husukuma baiskeli. Nikamwambia nanyoosha misuli. Akacheka. Kisha akaegesha, akashuka, akashika tandiko kwa nyuma, tukasukuma wawili. Ausi ana mikono yenye nguvu. Sitamwambia.

Juu, Jasmin alinisubiri amefunga mikono. Akauliza kwa nini baiskeli haikuharibika. Nikasema iliharibika, ila chini yangu. Alitaka kukasirika, nilimwona anajitayarisha. Ila mama yake alikuwa amekaa kwenye ngazi, dera limejaa vumbi, anakula matunda damu, yale mekundu ya huku milimani, na Sophia, na anacheka kwa sauti kama msichana. Jasmin akatoa simu ampige picha. Akapiga moja. Ya pili alishindwa, akageukia ukutani akajifuta macho. Yahya akampa leso.

Jumatatu, 7 Julai 2025

Tumerudi. Njiani kila mtu alilala isipokuwa dereva, Mwalimu na mimi. Karibu na Msata Mwalimu akaniinamia, akasema kwa sauti ya darasani lakini ndogo kwamba mimi ni fundi mzuri wa baiskeli, breki zile zimemfikisha salama, na hilo peke yake lilitosha kuwaambia watu. Akanitaka niahidi kwamba sitajifanya tena kujua nisichokijua.

Nikaahidi. Kwa moyo wangu wote. Ausi ni shahidi.

Nyumbani Somoe akatazama karoti, akanitazama, akauliza milima ikoje. Nikamweleza yote, bila kuficha hata moja. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema huyu Mwalimu amealikwa kwetu chakula cha mchana siku yoyote atakayo. Sasa nakwenda kulala kama mtu asiye na kosa.

Jumatano, 9 Julai 2025

Kazi imeanza upya. Pancha sita kabla ya adhuhuri. Nimeziba kwa furaha, kwa sababu mimi ni fundi baiskeli na hilo linatosha.

Saa tisa ikapigwa simu. Mama mmoja wa Kiwangwa, Bi Zuhura, mkulima wa mananasi. Yumo kwenye kundi la simu la walimu wastaafu na wenzao, ameona ile picha ya Mwalimu aliyopiga Jasmin. Wako tisa, wanataka kupanda Kilimanjaro mwezi wa tisa. Ameambiwa kuna Hamoudi wa Dunda, mtu mwaminifu. Akauliza kama Kilimanjaro naijua.

Nikavuta pumzi. Nikamkumbuka Mwalimu. Nikafungua mdomo niseme ukweli.

Nikamwambia nimeshafika kileleni mara nne. Ya tano tulirudi kwa sababu ya mvua.

Akafurahi sana. Akauliza theluji yenyewe ikoje, maana kina mama wanaiogopa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, theluji ukishavua viatu na kuizoea, ni laini tu.