Shangazi Hajanipa Jina

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Leo nimefanya uchunguzi. Kwenye karakana ya ushonaji ya Shangazi, mpiga pasi anaitwa Kamvuke. Mkataji, mwanamke mtulivu asiyesema neno hata akijidunga pini, anaitwa Tuli. Hata cherehani kongwe inayokwama kila wiki inaitwa Kabibi. Mimi, mtoto wa kaka yake, mshona vifungo wa mwaka wa sita, naitwa "wewe." Wewe lete uzi. Wewe sogea kwenye mwanga.

Si wivu. Ni suala la cheo. Ijumaa Shangazi anateua msimamizi, maana magoti yamemchosha na ngazi zetu hazina huruma. Nani atamkabidhi funguo mtu anayeitwa "wewe"? Lazima nipate jina kabla ya Ijumaa.

Jumanne, tarehe 5
Nimemchunguza Shangazi anavyoyaunda majina. Nakiri, yule mama ni fundi. Neno analipunguza huku, analichomekea ka- kule, na mtu aliyeingia amekunja uso anatoka ameukunjua. Asubuhi Kamvuke aliunguza kola, akaanza kulia. Shangazi akamwambia tu, "Kamvuke kangu, leo kameamka na hasira?" Kola ikabadilishwa, machozi yakakauka. Mimi ningehitaji nusu saa na barua ya onyo.

Mkakati: kujipendekezea jina kiujanja. Wakati wa chai nikasema, kama mtu anayekumbuka tu, kwamba shuleni waliniita Kifungo. Uongo mtupu. Tuli, ambaye hajafungua mdomo tangu Januari, akauliza kilikuwa cha miaka mingapi. Walicheka mpaka pasi ikapoa.

Jumatano, tarehe 6
Mbinu mpya. Nitampa Shangazi jina, naye atajisikia vibaya asiponirudishia. Kanuni ni rahisi: bandika ki- mbele, neno linakuwa tamu. Mtoto, kitoto. Binti, kibinti. Mzee...

Nilimsabahi: umeamkaje, kizee changu? Akavua miwani. Akaivaa tena, aone vizuri nani amesema.

Nimeshinda kutwa nikifumua pindo za mapazia ya hoteli. Mapazia arobaini.

Alhamisi, tarehe 7
Nilidhani kosa la jana ni kuchagua mtu asiye na moyo wa utani. Leo akaja mwalimu wa kwaya, aliyeagiza mashati thelathini, na kitambaa chake mkononi. Mama mrefu, sauti ya kutikisa vioo. Nikaona nimlainishe, Shangazi akiona. Nikamkaribisha: "Karibu, kijimama chetu."

Pasi tu ndiyo iliyokuwa inapumua. Mwalimu akauliza kijimama ni nani. Hakungoja jibu. Akakunja kitambaa chake chote, akashuka nacho.

Shangazi akamfuata, na magoti yale yale. Ngazi ishirini na mbili. Nikachungulia dirishani. Hakujieleza, hakunisingizia wazimu. Alimshika mkono akamwambia, "Mdogo wangu, ndiyo unaniacha nipande peke yangu?"

Mdogo wangu! Mwalimu ana wajukuu wanaonyoa ndevu. Lakini nilimwona akilegeza mabega, akacheka kama msichana, wakapanda pamoja polepole, kitambaa wamekishika huku na huku. Sijawahi kuona kazi safi kama ile. Wala hakuchomeka ki- yoyote. Neno la kila siku tu, ila alilisema kana kwamba alimtunzia yeye peke yake.

Nilijificha nyuma ya marobota ya vitambaa, nikingoja kufukuzwa. Nilijaribu kutunga uzi, ukapita kando ya tundu la sindano. Shangazi akaja, akaketi kando yangu akihema. Akanieleza kwamba ki- humfanya mtu mdogo, na mtu hakubali kufanywa mdogo mpaka ajue unamwona mkubwa. Kwanza umpende, ndipo umpunguze. Akanipokonya sindano, akaitunga kwa mara moja, akanirudishia.

"Tulia, baba'angu," akasema.

Baba'angu. Hivyo ndivyo alivyomwita babu, aliyemfundisha kushona. Nililia kidogo. Vumbi la marobota.

Ijumaa, tarehe 8
Msimamizi ni Tuli. Ameshukuru kwa kuinamisha kichwa. Nilipiga makofi kuliko wote, na sikuigiza. Anakata kitambaa kama anayefungua barua ya mpenzi wake. Shangazi hakosei watu.

Jumamosi, tarehe 9
Nimelifikiria jambo hili kwa kina. Mimi ni baba wa Shangazi. Kasema mwenyewe, kwa kinywa chake. Karakana ni ya Shangazi. Kwa hiyo mwenye karakana ni mwanangu, na msimamizi ni mfanyakazi wa mwanangu. Sioni mahali pa kubishana. Jumatatu nitamwarifu Tuli, kwa upole, aniachie kile kiti cha msimamizi chenye mto.

Halafu mwalimu wa kwaya anakuja kupima shati la kwanza. Ikiwa yeye ni mdogo wake Shangazi, basi naye nimemzaa mimi. Nitamngoja juu ya ngazi nimpokee ipasavyo: "Karibu, kabinti ka baba."