Bia Iliyokataa Kung'aa

Jumatatu, 3 Novemba

Nimemwalika Papa Omer wa ghorofa ya pili aonje bia ninayopika nyumbani. Ameinua glasi dirishani, akaitazama sana, akasema kwa upole kwamba harufu ni nzuri. Harufu tu. Kisha akaleta yake. Ukiiweka mbele ya gazeti, unasoma. Yangu ni kama maji ya kuoshea mchele.

Papa Omer ni Mzungu aliyefundisha shule Likasi, kule Katanga, miaka kumi na minane na Kiswahili anakijua, lakini ushauri wake ulikuwa mfupi mno: weka ndoo kwenye baridi, iache wiki mbili, hamira itatua chini yenyewe.

Wiki mbili sina. Jumamosi ya tarehe 15 anakuja shemeji Numbi, kaka yake mke wangu Michelle. Hajakanyaga kwetu Anderlecht, huku Ulaya, tangu bia yangu ya kwanza ilipomlaza siku mbili, miaka mitatu iliyopita. Mke wangu amemsihi mwaka mzima. Anataka ninunue kreti dukani, yaishe. Nimemwambia mwanamume hapatani na shemeji yake kwa bia ya duka.

Jumatano, 5 Novemba

Hakuna anayepata bia safi kwa kukaa tu. Nimejitolea kumshushia Papa Omer makreti hadi kave, chini ya jengo, kwa sababu ya mgongo wake. Rafuni nimeona pakiti ya jelatini, ile ya kugandishia keki. Vipande kumi na viwili, vimebaki vitatu. Donc ametumia tisa kusafishia bia. Mimi nimetia kumi na nane kwenye ndoo moja, kwa usalama.

Ijumaa, 7 Novemba

Ndoo ya kwanza haimwagiki. Nimeiinamisha, inatikisika. Michelle ameuliza kama ni dessert, alete vijiko.

Jumanne, 11 Novemba

Sikukuu, kazi hakuna. Nimechuja ndoo ya pili kwa karatasi za kahawa. Masaa matatu, glasi moja, na bado ina ukungu. Nikajaribu pazia la sebuleni, lile jeupe. Michelle amelitambua. Ndoo imefukuzwa jikoni. Iko balkoni, kwenye baridi, nami sitaki hata kuiona.

Alhamisi, 13 Novemba

Ufunguo wa kave ya Papa Omer bado ninao. Nimechukua chupa zake kumi na mbili, nikaacha zangu kumi na mbili za mwezi uliopita. Si wizi, hesabu ni ileile. Chupa zote ni za kahawia, hazina lebo. Nimelala vizuri.

Jumamosi, 15 Novemba

Michelle alimwalika Papa Omer pia, bila kuniambia. Ameingia na chupa sita. Nilizitambua mlangoni, ni zangu, nikaenda kukaa chooni kidogo.

Numbi alianza na bia safi niliyommiminia mimi. Akainywa kwa adabu, akaweka glasi chini. Kisha akaonja ile ya ukungu aliyoleta Papa Omer. Akafumba macho.

"Bon," akasema, "hii iko na ladha ya munkoyo ya mama. Papa Omer, ulijifunza wapi?"

Munkoyo ni kinywaji cha mahindi alichokuwa akikipika marehemu mama yao kule Katanga, na hakijawahi kung'aa hata siku moja. Michelle akaomba glasi ile, akaonja, akaishika kwa mikono miwili.

Nilikuwa tayari kuzikwa na siri yangu. Papa Omer akageuza kifuniko mkononi.

"Hii si yangu, Papa Numbi. Mimi nafunga vifuniko vyeupe. Vyekundu ni vya huyu Bienaimé. Nadhani chupa zilichanganyika kule chini."

Akanitazama mara moja tu.

Numbi akainuka, akazunguka meza, akanikumbatia. Amesema miaka mitatu ni mingi kwa ugonjwa wa siku mbili. Anataka chupa ishirini za ukungu kwa Noeli. Michelle alilia jikoni, akasingizia vitunguu.

Jumapili, 16 Novemba

Nimempelekea Papa Omer chupa zake zilizobaki na ufunguo, nikaomba radhi. Amesema siku nyingine niombe tu. Nimemwahidi kwamba ujanja nimeacha.

Jumatano, 26 Novemba

Nimefunua ndoo ya balkoni. Siku kumi na tano hakuna aliyeigusa. Inang'aa kama kioo. Naona mpaka mashapo yaliyotulia chini. Nimekaa pembeni yake nikajisikia vibaya. Numbi ataniona mwongo.

Papa Omer amepita, akasema niikoroge kidogo tu, hamira itapanda tena. Mzee mwema, lakini mambo anayarahisisha sana. Nimetoka madukani Chaussée d'Ixelles na kilo mbili za unga wa muhogo. Nimeanza na vijiko kumi na viwili kwenye ndoo.