Vita vya Utosi wa Karani Mkuu

Sogeeni, enyi wenye nywele tele, nanyi ambao vichwa vyenu vimebaki kung'aa! Vinyozi, zimeni mashine zenu mnyamaze, kwa maana nataka kusimulia habari nzito ya Karani Mkuu wa Masjala, Mlinzi wa Majalada Elfu Saba, mtu ambaye hata wakurugenzi walimwogopa, na jinsi alivyopigana vita vya miaka minne kwa ajili ya uwanja usiozidi kiganja cha mkono. Uwanja wenyewe ulikuwa utosini mwake.

Adui alikuja kwa hila, bila tarumbeta wala barua. Asubuhi moja shujaa aliona nywele tatu kwenye mto, akazipuuza. Mwezi uliofuata zikawa kwenye sinki, kwenye kola, kwenye chai. Ndipo akatangaza vita. Alijisugua maji ya kitunguu hadi wenzake ofisini wakahamishia meza zao dirishani. Alijipaka mafuta ya kila rangi, aliyouziwa na kila mwenye ulimi mtamu, na yule aliyemuuzia chupa ya muujiza mwenyewe alikuwa na kipara cheupe, jambo ambalo Karani, kwa busara yake kubwa, hakulihesabu kuwa ushahidi. Askari wa katikati walipoangamia wote, aliwaita walinzi wa sikio la kushoto, akawalaza kuvuka uwanja mpaka sikio la kulia, akawagandisha kwa mafuta mazito. Upepo ulipovuma waliinuka kwa pamoja kama kifuniko cha sufuria. Ndipo alipoitwaa kofia ya sufu, naye hakuivua tena, si mezani wala kitandani.

Hapa, wasikilizaji, punguzeni kicheko kidogo. Karani alikuwa na mke, na mke huyo alizoea tangu ujana kumpitishia vidole kichwani wakizungumza. Sasa kila mkono ule ulipoinuka, shujaa aliruka pembeni utadhani amemwagiwa maji ya moto. Mkono ukaacha kuinuka. Mama Watoto naye akaanza kulala amejifunga kitambaa, ameuelekea ukuta. Karani akawa na hakika kwamba mkewe amemchoka na siku yoyote atafunga mizigo yake, na hofu hiyo ilimla kuliko upara wenyewe.

Lakini karani ni karani hata vitani. Kila unywele ulioanguka aliuokota, akautia katika bahasha, akaandika tarehe, akapiga muhuri wa IMEPOKELEWA. Bahasha zikajaza jalada, jalada likazaa jalada la pili. Aliamini kabisa kwamba siku akipatikana bingwa, askari wote watarudishwa makwao, kila mmoja mahali pake, kwa kumbukumbu sahihi. Na bingwa akapatikana: daktari wa ngozi na nywele, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu.

Jumatano asubuhi shujaa alisimama mlangoni, majalada mawili kwapani.

"Mama Watoto," akanena, "naitwa kwenye kikao kizito cha masjala. Nikichelewa, usinisubiri."

"Nenda salama, Baba Watoto. Mimi nami natoka, nikamjulie hali shangazi. Mgongo unamsumbua tena."

Akazunguka mitaa kadhaa kwanza asionekane, kisha akazipanda ngazi ishirini na nne kwa moyo wa chuma. Chumba cha kungojea kilikuwa kambi ya majeruhi: kofia, vilemba, mitandio, na kila mtu akisoma sakafu kwa makini. Kiti kitupu kilikuwa kimoja tu. Akakikalia, akageuka kumsalimu jirani.

Jirani alikuwa Mama Watoto.

"Shangazi anaendeleaje?" akauliza Karani.

"Hajambo. Na kikao?"

"Kimeahirishwa."

"Naona majalada umekuja nayo."

Wakuu wangapi wa vita wangekimbia hapo! Ngazi zilikuwa wazi. Lakini shujaa alibaki, akafungua jalada la kwanza magotini mwa mkewe.

"Ni nywele," akasema kwa sauti ndogo. "Zangu. Zote zimo humu."

Mama Watoto akasoma tarehe, akatazama mihuri, mabega yakaanza kumtikisika. Kisha akaacha. Akakisogeza kitambaa chake nyuma, na kumbe pembe za paji la uso zilikuwa tupu, mstari wa nywele umerudi nyuma vidole viwili.

"Hii ni misuko ya kukaza, mwaka hadi mwaka," akasema. "Nikinyoosha mkono, unakimbia. Nilidhani umeshaniona hivi, unanionea kinyaa."

"Mimi? Mimi niliogopa utanicheka!"

"Ningekucheka, ndiyo! Ningekucheka siku moja, mume wangu, yakaisha. Wewe umeninunia miaka minne."

Mlango ukafunguliwa. "Anayefuata!" akaita daktari, na jeshi zima likajaa adabu ghafla, kila mmoja akimkaribisha mwenzake atangulie. Hapo, enyi vizazi, ndipo Karani Mkuu alipoinuka kwa kimo chake chote, akaishika kofia kwa mikono miwili, akaivua mbele ya watu kumi na mmoja. Walinzi wa sikio la kushoto wakasimama wima. Hakuna aliyetazama. Kila mtu alikuwa na kichwa chake cha kuhangaikia.

"Tunaingia wawili," akasema.

Daktari hakutaka majalada. "Zilizoanguka hazirudishwi, mzee, hata ziwe na muhuri. Wewe umerithi, kwa baba au kwa mama. Dawa ipo, inalinda zilizobaki, lakini ni ya kila siku. Ukiiacha, zinaendelea kudondoka. Au unyoe tu, uishi zako. Na wewe mama, acha kusuka kwa kukaza. Mizizi mingi bado i hai, hujachelewa."

Wakatoka. Shujaa akakipeleka kichwa kitupu hadi barabarani, palipokuwa na upepo.

Basi, waandishi, chovyeni kalamu, mwandike kwa herufi kubwa: kwamba siku ya Jumatano, saa nne na robo asubuhi, mbele ya duka la viatu, Mlinzi wa Majalada Elfu Saba alichekwa na mkewe hadharani, akachekwa mpaka mama wa watu akashika ukuta na machozi yakamtiririka, naye akasimama palepale, na hakufa.