Mtambo wa Kutafuta Mambo ya Cherehani Tu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka na akili mpya! Kikundi cha washonaji kinatafuta fundi wa kudumu wa cherehani zao thelathini. Mwenyekiti ni mama mkwe. Ingekuwa mteremko, ila miaka sita sasa hajawahi kunisemesha uso kwa uso. Humwambia mke wangu "huyo wako", hata nikiwa nimekaa pale pale. Nikipata kazi hii atalazimika kuniita mkwe. Mpinzani ni jirani, fundi Bisibisi. Hana maneno, anatengeneza tu. Mtu wa ajabu! Dawa yake ninayo: mtambo wa kutafuta, wa mambo ya cherehani peke yake. Mshonaji anaandika tatizo, anapata jibu. Jibu ni mimi.

Jumanne, 4 Machi

Kumbe si vigumu! Unachagua tovuti, mtambo unatafuta humo tu. Nimeweka kumi na mbili. Nikaandika: fundi bora wa cherehani. Lo! Wa kwanza Bisibisi! Wateja wamemsifu kurasa mbili nzima. Mimi sipo. Nikatafuta jina langu. Ukaniuliza kama sikukosea kuandika. Mtambo wangu mwenyewe, niliouunda kwa mikono yangu! Nalala bila kula.

Jumatano, 5 Machi

Nimefuta tovuti zote. Mtambo sasa unatafuta ndani ya folda moja tu ya kompyuta yangu, iitwayo Kazi. Humo kila neno nimeliandika mimi. Bisibisi atatokea wapi? Mke wangu akauliza kama nimekagua kilichomo. Nikamjibu folda ni yangu, nikague nini? Akarudi jikoni. Nimeshinda hoja.

Mchana mama mkwe kaleta cherehani yake, inavunja sindano. Kosa ni langu. Mwezi uliopita nilifunga kile kibati cha chini ya sindano kikiwa kimepinda. Nikamtuma mke wangu amwambie kwamba ni mguu wake mzito, anakanyaga pedali kwa nguvu mno. Mama mkwe akaiacha cherehani, akaondoka. Salama!

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi. 

Leo kikundi kilituita mafundi tujieleze, na ukumbi ulijaa washonaji. Mtambo wangu ukutani, herufi kubwa kubwa. Bisibisi kaja na boksi la vifaa tu, maskini. Nikaomba mwenyekiti ajaribu yeye mwenyewe. Akaandika kwa kidole kimoja, polepole: sindano inavunjika.

Salaale! Jibu la kwanza: "Mchana mama mkwe kaleta cherehani yake, inavunja sindano. Kosa ni langu."

Shajara! Shajara hii hii! Naiweka ndani ya Kazi kwa sababu mke wangu haifungui folda hiyo. Nikaruka kuzima, nikagusa jibu la pili. La Desemba hilo: nilivyofunga kidole bandeji nikadai sindano imenichoma, nisiende kumsaidia mama mkwe kuhama nyumba. Mungu wangu! Hata mguu mzito ulikuwemo.

Mama mkwe alisoma yote, midomo ikichezacheza. Halafu akanigeukia. Mimi! Uso kwa uso!

"Baba, mtambo wako ni mzuri," alisema. "Unasema kweli kuliko wewe."

Kazi kapewa Bisibisi. Aliiomba ile cherehani ya mama mkwe, niliyokuwa nimekuja nayo, akabadilisha kibati mbele ya wote kwa dakika tano, akafunga boksi lake. Na mtambo? Wameupenda! Wanataka kuutumia kila siku. Nikakubali, nikaziunganisha simu zao na folda yangu, ningefanyaje? Aibu niliyoipata sitaisahau.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu hanisemeshi. Chai nimejichemshia.

Nimetafakari sana na kosa nimeliona. Faili lenyewe liliitwa Shajara! Nani asingevutiwa? Nimelibadilisha jina. Sasa linaitwa "Sababu za Sindano Kuvunjika", na limelala pale pale ndani ya Kazi. Hakuna atakayejisumbua kulifungua.

Kwa hiyo naandika kwa raha zangu. Kesho asubuhi nakwenda kwa mama mkwe kuomba radhi. Nitapiga magoti. Nitalia. Machozi yatatoka kwenye kitunguu nitakachoficha ndani ya leso. Nimemsikia mke wangu akisema kwenye simu kwamba mama anautumia mtambo tangu jana, ana cherehani nyingine inayovunja sindano. Vizuri sana! Atakuwa na shughuli, hatanishtukia.