Kundi la Meza Ndefu

Jumatatu, 2 Machi 1998. Lushoto.
Hatari! Baada ya chai, meneja wetu, Bwana Hezekia, ametangaza kwamba karani mmoja atahamishiwa ghala jipya la Mazinde. Huko chini! Joto, mbu, vumbi la barabara kuu. Makarani tuko wawili tu, mimi na Ulimboka, na tunakaa meza moja ndefu. Ulimboka alisikia akatabasamu. Anatabasamia nini?

Silaha yangu ni kompyuta. Ni mimi peke yangu niliyepelekwa kozi Tanga. Mwalimu alitufundisha mtindo mmoja wa kupanga programu: kitu kimoja na kundi zima huamriwa kwa namna ileile. Ukiliambia kundi lihame, kila kilichomo kinahama, hata makundi yaliyo ndani yake. Programu haiulizi maswali. Laiti watu wangekuwa hivyo.

Leo nimeingiza ofisi nzima kwenye kompyuta, watu na vifaa, kwa mtindo huo. Mimi nimejiweka panaponistahili: kundi la Meza Ndefu.

Jumanne, 3 Machi.
Ulimboka ameniuliza tarehe yangu ya kuzaliwa. Ya nini? Akasema, "Basi tu, Kassimu." Basi tu! Nimempa ya uongo.

Mchana nimemwona akinong'ona na meneja, wanacheka. Mama Mwanahamisi wa chai amekiri kwamba walinitaja. Kwa ubaya? "Kunywa chai, mwanangu, inapoa."

Jumatano, 4 Machi.
Nimepata njia! Meneja anataka orodha ya vifaa chakavu vya kupeleka Mazinde. Akiona jina la Ulimboka atashtuka. Lakini yeye husoma majina ya makundi makubwa tu, ndani haangalii. Basi Ulimboka nimemtia ndani ya Meza Ndefu, na Meza Ndefu nimeitia ndani ya Vifaa Chakavu, kati ya mizani mbovu na taipureta. Nimefuta alama za vidole kwenye kibodi kwa leso.

Alhamisi, 5 Machi.
Meneja ameuliza kama nina hakika na orodha. Nikasimama wima, nikamwambia kompyuta haikosei kamwe, shikamoo mzee. (Shikamoo nilishatoa asubuhi. Woga.) Amesaini! Nakala imekwenda makao makuu kwa faksi.

Ijumaa, 6 Machi.
Nikodemo, dereva wa lori, amekuja na orodha. Akapakia mizani. Akapakia taipureta. Kisha akaniambia nami nipande. Nikamwambia amekosea. Akasoma kwa kidole: Meza Ndefu, yenye viti viwili, kompyuta, Ulimboka, Kassimu.

"Umeandikwa hapa, bwana mdogo, chini ya kompyuta. Panda, mvua inakuja."

Nikakimbilia kwa meneja. Kasikitika sana. Alikuwa amependekeza nibaki mimi! Fomu ya kunibakiza Lushoto ilikuwa imepungukiwa tarehe ya kuzaliwa tu, akamtuma Ulimboka aniulize. Lakini makao makuu wameshakubali orodha, na kompyuta haikosei. Si nilimwambia mwenyewe? Nimweleze ukweli? Nikatoa shikamoo nyingine, nikatoka, nikapanda lori.

Njiani, tulipofika Soni, Ulimboka akaniambia kwamba Mazinde aliiomba mwenyewe tangu Januari. Mkewe, Marta, anafundisha huko. Amefurahi kwamba tutaendelea kukaa meza moja.

Jumatatu, 9 Machi. Mazinde.
Joto. Ulimboka amenipa chandarua chake kipya. Marta ameniletea wali na mchicha. Bure! Nani anagawa chandarua bure Mazinde? Kuna jambo. Nimemuuliza Ulimboka anataka nini kwangu. Amecheka, akaniambia nile.

Lazima nimuwahi. Nimewasha kompyuta, nikafungua kundi jipya: Vya Kupelekwa Mbali. Jina lake lisionekane, nimemtia Ulimboka ndani ya kundi la Ghala la Mazinde, na kundi hilo nimelitia ndani ya Vya Kupelekwa Mbali. Safari hii nimekuwa mwangalifu sana. Sikumweka mezani.

Mimi mwenyewe nimejiweka panapomstahili mtu wa kompyuta: kundi la Ghala la Mazinde, jina la kwanza.