Uzio Uliokamilika kwa Asilimia Tisini na Tisa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shirika la Wanyamapori; Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye pia ni shemeji yangu; waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Uzio, wa Kamati Ndogo ya Uzio, na wa Sekretarieti inayozikumbusha kamati hizo kwamba zipo; askari wetu wa wanyamapori, wote wawili; nanyi wananchi mnaopakana na hifadhi, mliosimama juani: itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka kwenye viti.)

Mimi, Mkurugenzi Mkuu wenu, si mtu wa kujisifu. Nimeajiri ofisa wa kunisifu, ila leo anaumwa, kwa hiyo nivumilieni. (Kicheko.) Nilipoingia ofisini, shirika lilikuwa na askari wawili na msimamizi mmoja; leo, kupitia maboresho ya kimuundo na utawala shirikishi, askari ni walewale wawili, lakini wanasimamiwa na watu kumi na tisa, nikiwemo mimi ambaye, nakiri mbele yenu, nyati wangu wa kwanza nilimwona kwenye kalenda.

Sasa, bibi mkulima yule pale mbele, anayevuna mahindi wiki ijayo endapo tembo hawatamtangulia, aliniandikia kuuliza uzio uko wapi, nami nikamjibu kwa barua yenye mihuri mitatu kwamba uko kwenye mchakato. (Bibi: “Na huko Mchakato nimekutafuta, mwanangu! Dereva wa basi anasema hapajui!” Kicheko kirefu.) Bibi yangu, mchakato si kituo cha basi, ni… ni huku tunakokaa sisi. (Bibi: “Basi tembo nao waje wakae huko!” Vigelegele.)

Utani pembeni. Natangaza kwa fahari kwamba uzio umekamilika kwa asilimia tisini na tisa: upembuzi yakinifu tayari, mkakati tayari, ziara ya mafunzo tayari, hata kamati ya kuukarabati tayari; asilimia moja iliyobaki ni nguzo na waya. (Mjumbe mmoja anapiga makofi, anaacha.)

Nikisema “Uzio”, itikieni “Imara”! Uzio! (“Uko wapi?”) Uzio! (“Uko wapi?”) Tutafanya mazoezi.

Nawashukuru nyote, hasa bibi kwa subira yake, na sasa nasogea shambani kwake kukata utepe wa… nini? (Askari anamnong'oneza.) Ndugu wananchi, naarifiwa nisiukate. Utepe huo ndio uzio wenyewe. Asanteni sana. Bibi, tafadhali, usiuegemee.