Paa la Mama Edith, Upande Wangu

Jumatatu, 20 Oktoba 2025

Miezi tisa namfuata fundi wangu mkuu, Shefu Kasonde, mitaa yote ya Katuba nikimbebea nyundo, na leo ndipo amekumbuka kwamba mimi pia ni fundi. Ametangaza mtihani! Tunaezeka nyumba ya Mama Edith, muuza unga. Paa lina pande mbili: wa mashariki ni wa Dorine, mwanafunzi mwenzangu, wa magharibi ni wangu. Atakayefaulu ataongoza timu Kipushi, kuezeka shule ya vyumba sita. Chef d'équipe! Kofia nitakayovaa nimeshaichagua.

Dorine ana miaka ishirini na miwili. Mimi thelathini na minne. Kwa kweli namhurumia.

Shida ni moja, tena ndogo: kule juu. Siogopi, hapana. Ila nikifika kipandio cha nne cha ngazi, magoti yanaanza mazungumzo yao bila kunishirikisha. Kwa hiyo miezi yote hii nimepima mbao nikiwa chini, nimepanga misumari nikiwa chini, nimetoa ushauri nikiwa chini. Shefu anadhani napenda vipimo.

Jumanne, 21 Oktoba

Shefu amekwenda Mokambo kutafuta mbao, atarudi Ijumaa. Kabla ya kuondoka akatukumbusha desturi yake: hakuna sifa mpaka mvua ya kwanza. Mvua ikianza, fundi anaketi ndani, chini ya paa lake mwenyewe, mwenye nyumba anampa chai, naye haondoki mpaka mvua ikatike. Chai ikipungua kikombeni, umefaulu. Ikiongezeka, pole.

Mchana kutwa nimewaza, na nimepata. Mafundi wote wanaanzia chini, ukingoni mwa paa, halafu wanazidi kupanda na hofu yao. Wajinga! Mimi nitaanzia juu kabisa, asubuhi, ujasiri ukiwa bado mbichi. Kila bati litanirudisha karibu na ardhi. Sijui kwa nini hakuna aliyefikiria hivyo kabla yangu.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimepanda! Jicho moja nimefumba, la pili nusu. Bati la kwanza nimelipigilia kule juu mgongoni mwa paa, huku nikiomba dua zote nilizofundishwa na bibi yangu, hata ile ya safari.

Dorine, anayeniita Yaya kama kaka yake mkubwa, akanipigia kelele kutoka upande wake: "Yaya Moustapha, bati inaanzaka chini!" Eti la juu lazima lilalie la chini, maji yapite mgongoni. Eti nikianzia juu, la chini litalalia la juu na maji yataingia katikati. Akataka hata kuja kunionyesha. Kuja kuiba mbinu yangu, sema! Nikamjibu kwamba nilikuwa napima mbao yeye akiwa bado anapimwa sare ya shule.

Saa tisa nimemaliza. Yeye hajafika hata nusu. Ukisimama barabarani, paa langu linang'aa kuliko lake, na hakuna anayeweza kuona tofauti.

Alhamisi, 23 Oktoba

Dorine naye amemaliza upande wake, na Mama Edith ameingiza vitu vyake. Akauliza magunia yake kumi na manne ya unga ayaweke upande gani. Swali gani hilo? Nikamwambia upande wangu, nikambebea mwenyewe. Dorine akamsihi aweke upande wake, angalau nusu. Nikamweleza Mama Edith, kwa heshima zote, kwamba vijana wa siku hizi hawawezi kuvumilia maendeleo ya mwenzao. Akacheka. Akanitengea kiti cha wageni, kile chenye mto. Dorine amepewa kigoda.

Ijumaa, 24 Oktoba

Shefu amerudi. Akalitazama paa, akauliza nimewezaje kumaliza haraka hivyo. Nikasema ni kipaji. Akaomba ngazi apande aone kipaji hicho, lakini radi ikamwahi. Wote ndani!

Chai, sukari mbili. Dakika ya kwanza, kukavu. Nikamtazama Dorine kwa huruma. Dakika ya pili, tone kwenye paji la uso. Nikasema ni jasho. Dakika ya tatu chai yangu ikaanza kuongezeka.

Halafu ikaja yote kwa pamoja. Kila mahali mabati yalipokutana, maji yalishuka kama pazia, kutoka ukuta mpaka ukuta. Mama Edith akashika kichwa, akalia kwamba Moustapha anampikia bukari, yaani ugali, bila moto. Kwa kweli unga ulikuwa umeshaanza kushikana. Dorine akaruka kutoka kigodani, akakokota magunia kupeleka upande wake, Shefu akamsaidia. Wameokoa tisa.

Mimi sikunyanyuka. Desturi ni desturi, fundi haondoki mpaka mvua ikatike.

Baadaye Mama Edith aliketi sakafuni karibu na yale matano yaliyolowa, akawa anafinyanga unga kwa vidole. Nikaona aibu. Aibu ya kweli. Ilidumu karibu mpaka jua lilipotoka.

Jumamosi, 25 Oktoba

Hukumu: Dorine anaongoza Kipushi. Kofia ya uongozi amepewa mbele yangu, na inamkaa, jambo linaloudhi zaidi. Mimi natakiwa kubomoa upande wangu na kuuezeka upya Jumatatu. Kila lori la unga likija, nitamshushia Mama Edith magunia mpaka atakaposahau. Mama Edith hasahau.

Dorine hakunicheka. Ningefurahi kama angenicheka! Alinieleza polepole, kama anamfundisha mtoto wa miaka minne wa maternelle: anzia chini, malizia juu. Akachora kwa chaki mshale mkubwa ukutani, unaoelekea juu. Watoto wa mtaa wote wameuona.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimetafakari kwa utulivu. Kosa halikuwa langu. Mvua ilitoka magharibi! Upande wa Dorine ulikuwa umejificha nyuma ya wangu, kwa hiyo ni mimi niliyemkinga, na hata aksanti hakuna.

Lakini mimi ni mtu wa kupokea ushauri. Kuanzia chini ni kukubali mbele ya Katuba nzima kwamba Dorine alisema kweli, tena nimalizie juu na magoti haya. Haiwezekani. Kuanzia juu nimejaribu, na matokeo yalikuwa na mazuri yake na mabaya yake. Leo nimepanda ngazi ya Mama Edith kupima. Inanifikisha nusu ya paa, na pale magoti yanatetemeka kwa adabu.

Basi kesho naanzia katikati. Nimeshamwambia Mama Edith arudishe unga upande wangu. Alinifungia mlango, lakini nadhani alisikia.